Ukurasa wa Tano wa Fiche Yako

Butembo, siku moja kabla ya safari yako

Feza mwanangu,

Umetoka na shangazi yako kwenda kununua viatu, na kwa jinsi ninavyowajua ninyi wawili hamtarudi mapema. Nimefunga mlango wa chumba. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, sitayaandika hapa. Umeyasikia mpaka siku hizi unayasema kabla yangu, kwa sauti yangu, ukinichekesha mbele ya wageni. Ninaandika jambo ambalo hujalisikia hata siku moja. Ni habari mbaya, ina miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyeisababisha.

Ulipotuambia kwamba umekubaliwa kusoma informatique, elimu ya kompyuta, kule Kisangani, shangazi yako alipiga vigelegele. Mimi nilitoka uani nikajifanya ninaanua nguo. Ukanifuata, ukaniuliza, "Mama, hujafurahi?" Nikasema moshi wa jikoni umeniingia machoni. Haukuwa moshi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mwaka wa pili, labda wa tatu, mwalimu atasimama mbele yenu awafundishe namna mashine inavyomkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Una akili ya haraka, utaelewa siku hiyohiyo. Kisha utakumbuka kazi niliyokuwa nikifanya Beni wakati wa vita, na maswali yataanza. Afadhali nikutangulie.

Unajua kwamba nilikutoa Mulekera, ule mtaa wa Beni. Unajua ulikuwa na miaka minne hivi, na siku zote nimekuambia kwamba hakuwepo mtu hata mmoja aliyewajua watu wako. Huo ni uongo, Feza. Mtu alikuwepo. Alisimama mbele ya meza yangu, akafungua mdomo anieleze, na mimi nikamnyamazisha.

Acha nieleze polepole. Nikiharakisha nitaanza kujitetea.

Wakati ule nchi ilikuwa vipande vipande, kila kipande na askari wake, na watu walikuwa wanashuka kutoka Ituri kuja Beni kwa miguu, siku baada ya siku, wengine na watoto ambao hawakuwazaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka masomoni Kampala, na ofisi moja ndogo ya kutafuta familia ilinichukua kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kazi hiyo. Chumba kimoja Mulekera, kompyuta nne, na katika kona mashine kubwa tuliyoiita serveur. Programu niliiandika mwenyewe. Mtoto akiletwa, tulimfungulia fiche, yaani fomu yake, ya kurasa sita kwenye kioo cha kompyuta. Ukurasa wa kwanza ni jina lake na alama za mwili. Wa pili, analala kwa nani sasa. Wa tatu, ameletwa na nani. Wa nne, alipatikana wapi, na kama aliyemleta anawajua wazazi. Wa tano ndio wa wazazi wenyewe: majina, na wako wapi, hai au la. Wa sita ni kuhifadhi. Mzazi aliyepotelewa na mtoto naye tulimwandika kwenye kurasa hizohizo.

Sasa sikia, maana hapa ndipo mwalimu wako atakapofika. Mashine ya namna ile haikumbuki. Ukibonyeza kwenda ukurasa unaofuata, imeshasahau wewe ni nani na umesema nini. Kwa hiyo inakupa namba, na kwenye namba hiyo inaweka pembeni kila ulichokwisha kusema, mpaka umalize. Hicho kilichowekwa pembeni kinaitwa session. Mwanzoni nilikiweka katika mafaili ya muda, yale yanayofutwa kila mashine inapozimwa na kuwashwa. Na pale kwetu mashine ilizimwa kila siku. Umeme wetu ulikuwa wa groupe, ile jenereta ya uani iliyonguruma kama inagombana na mtu, na mafuta yalipokwisha, ilizimika bila kuaga. Mtu yuko ukurasa wa nne, chumba kinanyamaza, na yote aliyosema yamekwenda.

Kuna baba mmoja alirudishwa mara tatu. Mara ya tatu alimtazama Katungu, msichana aliyekuwa anaandika, akamuuliza bila hasira yoyote, "Sasa, mutoto yangu, zile za kwanza mulizipeleka wapi?" Katungu alitoka nje kulia. Mimi sikulia. Mimi nilijiambia kwamba nitaitengeneza mashine hii isisahau tena.

Jumapili moja baada ya misa nilibaki ofisini peke yangu, nikahamisha session zote kutoka mafaili ya muda nikaziweka ndani ya hifadhidata, mahali palepale tulipoweka fiche zilizokamilika. Kisha nikarefusha maisha ya kila moja: siku saba. Nikaijaribu. Nikaandika hadi ukurasa wa tatu, nikazima groupe kwa mkono wangu, nikangoja, nikawasha. Ukurasa wa tatu ukafunguka kama nilivyouacha. Nilicheka peke yangu, Feza. Nilicheza pale katikati ya viti.

Hakuna kosa katika kuweka session ndani ya hifadhidata. Utafundishwa hivyo, na ni kweli. Kosa langu lilikuwa kutotazama watu wangu wanavyofanya kazi.

Maana sisi tulikuwa na desturi yetu. Wakimbizi walikuja na lugha nyingi, na hapakuwa na mwandishi aliyezijua zote. Kwa hiyo tulirithishana viti. Aliyejua lugha ya mgeni alianza kurasa za mwanzo, kisha akainuka kwenda kumsaidia mwingine, na mwenzake akakaa palepale akaendelea. Ukikuta kioo kiko ukurasa wa tano, hukushangaa, uliendelea na mtu aliye mbele yako. Na hakuna aliyekuwa anabonyeza "Toka". Ya nini? Jioni groupe ilizimika na kufunga kila kitu. Kusahau kwa mashine ndiko kulikokuwa kunafagia chumba, na mimi nilikuwa nimeutupa ufagio bila kujua kwamba ni ufagio.

Jumatatu, siku ya kwanza ya mashine yangu isiyosahau, mwanamume mmoja alikuleta. Uliingia umeshika kidole chake. Katungu alikaa nanyi, akaandika ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Alipobonyeza kwenda wa tano, mafuta yakaisha. Yule aliyekuleta alingoja mpaka ofisi ilipofungwa. Alisema atarudi kesho. Wewe ulipelekwa kulala kwa Mama Zaina, yule mke wa mwenye malori, ambaye hadi leo anakuita binti yake.

Jumanne asubuhi Katungu aliamka na homa, hakuja. Muhindo, mwandishi wetu mwingine, alikaa kwenye kompyuta ileile. Akakuta ukurasa wa tano uko wazi. Mbele yake palikuwa na mwanamke kutoka Musienene, Mama Riziki, aliyekuwa amempoteza binti yake wa miaka minne njiani walipokimbia. Muhindo alidhani mwenzake amekwisha kumwandika mwanzo. Akamuuliza kilichokuwa mbele ya macho yake: jina la mama, mama yuko wapi. Mwanamke akajibu. Muhindo akaenda ukurasa wa sita, akahifadhi.

Hivyo ndivyo ulivyopata mama wa Musienene, kwa kubonyeza mara mbili.

Na saa nane mchana wa siku hiyohiyo yule baba alirudi, kama alivyoahidi. Nilikuwa mezani mimi. Amevaa kofia ya sufu, alisimama wima kama mtu aliyeitwa na mkuu. Nitakuandikia maneno yetu yote, maana sijayasahau hata moja.

"Madamu, nimerudia. Jana courant ilikufa tukiwa katikati. Nakuja kumalizia ile habari ya mutoto Feza."

Nikafungua fiche yako. Nikaona imekamilika. Nikafurahi, Feza, nikaona kazi ya mikono yangu.

"Papa, usijisumbue tena. Fiche imejaa. Mama yake amepatikana."

"Mama yake?"

"Ndiyo. Yuko Musienene. Mzima."

Alivua kofia. "Mais, madamu, mama yake, mimi mwenyewe..."

"Papa, mashine haisemi uongo. Angalia hapa." Nikamgeuzia kioo.

Hakujua kusoma. Aliyatazama yale maandishi kwa heshima, muda mrefu, kisha akanitazama mimi, msichana mwenye miwani na viatu vya Kampala. Nikaona anajishuku. Nikaona mtu mzima anaanza kutilia shaka macho yake mwenyewe kwa sababu yangu.

"Kama ni vile munasema," alisema, "basi Mungu iko mukubwa. Naweza kumusalimia mutoto?"

"Kuna watu nyuma yako, Papa."

Akawatazama wale watu, akawaomba radhi kwa kuwachelewesha, akatoka.

Tulipeleka habari Musienene kwa gari lililokwenda Butembo. Mama Riziki alifika Ijumaa. Alikuja na gunia dogo la viazi kwa waliomtunzia mtoto, na trikoti nyekundu aliyoifuma kwa siku mbili, maana Musienene ni baridi. Nilimsindikiza mwenyewe hadi kwa Mama Zaina. Nilitaka kuona. Ndiyo, nilitaka kuona furaha niliyoitengeneza.

Mama Zaina alikuwa amekuogesha na kukusuka. Alikuwa amekuambia tangu asubuhi kwamba mama anakuja. Ulipoona mwanamke anaingia uani ulikimbia, mikono mbele, ukaita, "Mama!" Ukamkumbatia miguu.

Yeye alikuwa amenyoosha mikono. Mikono ikabaki hewani. Sijawahi kuona tena mikono ya mtu ikikosa mahali pa kwenda.

"Huyu hapana wangu," alisema.

"Angalia muzuri, dada," Mama Zaina alimwambia. "Batoto banabadilika kwa njaa."

"Dada, mi nilimuzala. Hapana yeye."

"Angalia hata masikio."

"Nimeangalia!" alipiga kelele, na wewe ukashtuka, lakini hukuachia kitenge chake. Alijaribu kukubandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, na kila alipotoa kimoja, kingine kilirudi. Mwishowe akakaa chini kwenye vumbi, akaacha umshike. Alinitazama kutoka pale chini.

"Weye uko na mutoto?"

"Hapana, mama."

"Siku utapata, utajua mulinifanya nini."

Aliacha viazi. Aliacha trikoti pia, akasema itakaa tu bila mtu wa kuivaa. Sijui kama alimpata Riziki wake. Niliuliza mara nyingi. Hakuna aliyenipa jibu la uhakika. Hilo nalo ni langu.

Nilirudi ofisini nikachapa fiche yako. Ukurasa wa nne, swali la mwisho: aliyemleta anawajua wazazi? Katungu alikuwa ameandika: Ndiyo. Nikasimama na ile karatasi. Nikamsikia yule baba upya, "Mais, madamu, mama yake, mimi mwenyewe..." Nilikaa sakafuni kando ya serveur.

Sasa sikia lililo baya kuliko yote, maana lile la Jumanne lilikuwa ujinga, na hili halikuwa ujinga. Ijumaa ile nilijua. Chef, mkuu wa ofisi yetu, alituita wote akauliza nani amekosea. Katungu akasema Muhindo hakusoma kurasa za nyuma. Muhindo akasema, "Katungu aliacha kiti wazi, mimi ningejuaje?" Walitukanana. Mimi niliyejua kwamba kosa ni langu, kwamba ni ile session yangu ya siku saba, nilisema, "Tutaangalia." Neno moja, la mtu msomi. Chef akamsimamisha Muhindo kazi, mwanamume mwenye mke na watoto watatu, nikamwona akichukua koti lake nyuma ya mlango. Na habari ya yule baba wa kofia sikumwambia mtu yeyote. Ningesemaje? Kwamba alirudi na nikamfukuza?

Nilinyamaza Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne nikaenda kwa chef nikasema yote. Muhindo alirudishwa kazini; hakunisalimia tena hata siku moja, na alikuwa na haki. Kisha nikaanza kumtafuta yule baba. Nilifika hata kwa mume wa Mama Zaina, kule maegesho ya malori. Nikamweleza: kofia ya sufu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika, anauza samaki wa kukaushwa, anaitwa Dieudonné.

"Yule?" alisema. "Alikuwa hapa wiki nzima, anapakia mizigo apate nauli. Alipanda lori la Kasindi Jumapili. Kwa nini haukuuliza Ijumaa?"

Kwa nini sikuuliza Ijumaa.

Nilikwenda Kasindi. Waliniambia amevuka mpaka kuingia Uganda. Zaidi ya hapo ni uvumi.

Ile programu niliirekebisha. Niliweka jina la mtoto juu ya kila ukurasa, ili anayekaa aone anayeandikwa ni nani, na session ikafa kila mgeni alipoinuka. Ilinichukua muda wa kunywa chai. Hilo ndilo linalonishtua mpaka sasa, kwamba lililokupoteza lilikuwa dogo hivyo, na kwamba nilikuwa na akili ya kulifanya tangu mwanzo.

Wewe uliacha kusema. Wiki nyingi. Mama Zaina alikuwa na watoto saba na moyo mkubwa, lakini usingizi wako ulimtisha, maana ulilala na macho wazi. Nilianza kuja kila siku baada ya kazi. Sitakudanganya tena: mwanzoni nilikuja kwa sababu ya dhambi yangu. Nilikuletea biskuti kama mtu anayepeleka sadaka. Na ofisi ilipofungwa nikakuchukua kuja Butembo kwa sababu hiyohiyo. Mwaka mzima ulikaa kwangu kama mgeni mwenye adabu, unasema asante kwa kila kijiko. Kisha siku moja nilitupa jikoni karatasi uliyochora kuku, sikujua ni yako. Ulinifokea. Ulisema mimi ni mubaya, hutakula chakula changu, utaenda kwa Mama Zaina kwa miguu. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka na kulia pamoja, maana mgeni hafoki. Tangu siku hiyo ile dhambi ikawa kitu kingine kando, na wewe ukawa mwanangu. Vyote viwili vimekaa ndani yangu, wala havijachanganyika.

Kwa nini nilikudanganya? Nimejiuliza mchana huu wote. Ulipokuwa na miaka sita nilisema bado mdogo. Ulipofika kumi nilisema utanichukia katikati ya mwaka wa shule. Nilikuwa na sababu nzuri kila mwaka, na kila sababu ilikuwa ndugu wa lile neno "Tutaangalia".

Sijui ile sentensi yake ilikuwa inakwenda wapi. "Mama yake, mimi mwenyewe nilimzika." Inawezekana. "Mama yake, mimi mwenyewe nilimwacha akiwa hai, ndiye aliyenikabidhi mtoto." Inawezekana pia. Miaka kumi na minne nimeimalizia kwa njia zote mbili, na kila njia inanirudisha kwenye meza ile. Ukiwa kazini siku moja, na mtu asiyejua kusoma akaanza kukuambia "lakini", kama ile "mais" yake, mwache afike mwisho. Sina fundisho jingine. Hilo moja limenigharimu, na limekugharimu wewe zaidi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile fiche niliyochapa siku ile. Kurasa nne za kwanza ni zako, ni za kweli: jina lako ulivyolitamka, kovu la goti, mahali ulipoonekana upande wa Mambasa, jina la aliyekubeba. Ukurasa wa tano nimeutoa, kwa sababu ni wa Mama Riziki. Kutoka Kisangani kuna barabara ya kuelekea Mambasa, na wauza samaki wanapita humo. Sikuombi umtafute. Sikukatazi. Ukimpata, na akakuambia mama yako yuko hai, nenda kwake, wala usifikirie mimi nitakula nini siku hiyo.

Nilitaka kukupa barua hii wakati ndege inaanza kunguruma, ili uisome ukiwa angani na mimi nikiwa nimeshageuka kurudi nyumbani. Nimekataa. Nitakupa pale uwanja wa ndege wa Rughenda, kabla ya kupanda. Ndege inaondoka saa tatu. Tutakuwa uwanjani saa moja. Nimeisoma yote kwa sauti, polepole, nikiangalia saa, na haifiki nusu saa. Muda unaobaki ni wako. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi la hapo uwanjani, karibu nawe au mbali, utakavyosema.

Mama yako, kama bado utaniita hivyo,
Kahindo